Ukuta wa Chokaa Haunyooshwi kwa Saruji

Katika Mji Mkongwe wa Unguja hakuna ukuta ulionyooka. Tundika timazi katika chumba chochote cha zamani, kuanzia Malindi mpaka Shangani, utaona juu uzi unaugusa ukuta, katikati unasukumwa na tumbo, na chini unaachana nao kwa upana wa vidole vitatu. Mimi ni mwashi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa na watu wanaotaka kupaka rangi mpya, niziangalie kuta kabla ya fundi rangi kuja. Swali lao ni lile lile: fundi, tuweke nini hapa pakae sawa? Mmoja atataja saruji, mwingine jipsamu, na siku hizi wengi wametaja puti ya ndoo kabla sijavua viatu. Swali hilo lina umri mkubwa kuliko Mji Mkongwe wenyewe, na pwani hii imekuwa ikilijibu kwa miaka elfu na zaidi. Majibu ya wazee yalikuwa mazuri. Jibu la karne iliyopita ndilo lililotuharibia nyumba, na ndilo linalonifanya niandike.

Kwanza kwa nini kuta zimepinda. Nyumba za mawe za Unguja zimejengwa kwa matumbawe ya nchi kavu, yanayochimbwa kwenye miamba ambayo zamani za kale ilikuwa chini ya bahari. Ni jiwe la matundu na ncha, halina uso wala pembe, na ukilichonga ulifanye tofali linavunjika mkononi. Mwashi alilitwaa lilivyo, akalikalisha kwenye chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu, akashindilia vijiwe kwenye mianya, kisha akaweka jingine. Ukuta ulitoka na unene wa nusu mita au zaidi. Ulipandishwa kidogo ukaachwa ukauke, ukapandishwa tena, na kila kipande kilikauka kwa mwinamo wake. Juu ililazwa dari ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haivuki sana mita 3, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Chumba cha namna hiyo kikiwa na dirisha mwishoni, jua la asubuhi hupita ubavuni mwa ukuta na kuonyesha kila bonde na kila tumbo.

Wazee hawakuliona hilo kuwa kosa. Mwashi aliyejenga alijua kwamba nyuma yake anakuja mpiga lipu, na mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe. Jiwe lilibeba nyumba, chokaa ikabeba uso.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton walikuta, miaka ya 1980, misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine: ya chini ya miti na udongo, ya juu ya mawe. Majengo ya kwanza ya mawe, ya karne ya 10, yalitumia tumbawe la baharini. Hilo ni jiwe jingine kabisa. Likitolewa majini ni laini, msumeno na tezo vinalikata, na likikauka linakuwa gumu. Watu wa Shanga walilikata vipande vyenye uso, wakavipanga kwa udongo, kisha wakapaka lipu ya chokaa. Mwenye jiwe la kukatwa hana kazi kubwa ya kusawazisha, lipu nyembamba inamtosha. Lakini tumbawe hilo linapigiwa mbizi, na mji ukikua mbizi haitoshi. Karne zilizofuata jiwe la baharini likabaki kwa mihrabu, miimo ya milango na nakshi, na kuta zikajengwa kwa jiwe la shamba. Hapo ndipo lipu ilipotwikwa mzigo wote wa unyofu.

Kilwa ndiko mzigo huo ulikobebwa kwa fahari. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye zama zake zinahusishwa na jumba la Husuni Kubwa na upanuzi wa Msikiti Mkuu. Ukiingia katika msikiti huo leo na kupitisha kiganja kwenye nguzo, pale lipu ilipobaki kiganja kinateleza, na pale ilipobanduka kinakwaruzwa na jiwe. Huhitaji kuambiwa na mtu lipu ilikuwa inafanya nini.

Lakini kwa macho yangu kazi ya lipu ilifika kileleni Lamu, katika nyumba za karne ya 18. Nyumba hizo zinapanda kadiri unavyoingia, kutoka msana wa tini hadi msana wa yuu, halafu ndani, kila chumba kikiwa na giza zaidi ya kilichotangulia. Na huko ndani, kwenye ukuta unaokutazama, wamepanga zidaka safu juu ya safu, za kuwekea sahani na mabakuli ya kaure. Nakshi zake zilikatwa kwenye lipu yenyewe ilipokuwa haijakauka sawasawa. Mimi nimesimama mbele ya ukuta wa zidaka nikiwa na timazi mfukoni, nikaona haya kuitoa. Mistari yake haiko sawa kwa uzi, iko sawa kwa jicho. Fundi aliyeupiga alitazama chumba chote, akajua macho ya mgeni yataanzia wapi na kuishia wapi, akayafuata. Anayedhani kusawazisha ukuta maana yake ni kuupiga rula mpaka uwe bapa, akatazame zidaka za Lamu kwanza.

Chokaa yenyewe niliifahamu kwa ami yangu, aliyenifundisha kazi. Tanuu la chokaa la pwani halikuwa nyumba ya matofali, lilikuwa kichuguu cha magogo. Magogo ya minazi au mikoko yalipangwa duara, yakilala yakielekea katikati, safu juu ya safu, na katikati paliachwa tundu la moto. Juu yake yakamwagwa matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ukiingia tunduni, kichuguu kiliwaka kutwa kucha, na joto lilihitaji kufika karibu nyuzi 900 ndipo jiwe lifunguke. Magogo yakiteketea mawe yalishuka taratibu, yakabaki rundo jeupe juu ya majivu. Jiwe lililoiva ulilijua kwa uzito: lilikuwa jepesi kuliko lilivyoingia, kwa sababu sehemu ya jiwe imepanda na moto kuwa hewa.

Kisha maji. Ami alikuwa akitupa bonge la chokaa mbichi kwenye maji huku akituonya tusogee mbali. Bonge lilitulia kitambo, likaanza kunguruma, likapasuka, maji yakachemka yenyewe bila moto. Tope lililobaki lilimwagwa shimoni, likafunikwa kwa maji, likaachwa. Hapo ndipo fundi wa kweli alipojulikana, kwenye subira ya shimo. Chokaa ya wiki moja ina punje ambazo hazijafunguka, na punje hizo zikifika ukutani zitafungukia huko, zitavimba na kutoa vipele juu ya rangi yako. Ya miezi mingi ni laini, inashika mwiko, inanyooka bila kupasuka. Ami alikuwa na kawaida ya kuichota kwa mwiko na kuugeuza juu chini. Ikidondoka aliirudisha shimoni.

Kusawazisha kwa chokaa kuna adabu zake. Bonde lenye kina cha kiganja hulijazi kwa chokaa tupu, utalia. Unalijaza kwanza kwa vijiwe vidogo na vigae vilivyolowekwa, vikishikwa na chokaa yenye mchanga wa chembe kubwa, kisha unaliacha. Ukuta wote unaloweshwa kabla, maana ukuta mkavu unakunywa maji ya lipu na lipu inakufa. Tabaka moja lisizidi kama sentimita moja, na tabaka la pili lisipande kabla la kwanza halijashika. Chokaa haikauki tu, inarudi kuwa jiwe: inavuta kutoka angani ile hewa iliyofukuzwa na moto wa tanuu. Hewa inaingia polepole kutoka nje kwenda ndani. Ukipiga tabaka nene, uso utashika na moyo utabaki tope, na siku ya siku kipande kizima kitashuka. La mwisho ni tabaka la chokaa laini, jembamba, linalosuguliwa mpaka ling'ae. Juu yake ni chokaa ya maji, na wengi walitia buluu kidogo weupe upate kuchangamka.

Watu wa Ng'ambo, ng'ambo ya ile hori iliyoutenga mji na mashamba, walikuwa na ukuta wao na jibu lao. Nyumba ya miti, fito na udongo husawazishwa kwa udongo. Wanaume walisimamisha miti na kufunga fito, majirani wakaja siku ya kukandika, udongo ukatupwa kwa mikono kutoka ndani na nje kwa pamoja ili ukutane katikati ya fito. Ulipokauka ulipasuka, na lazima upasuke. Nyufa zikazibwa kwa udongo mwepesi zaidi wenye mchanga, ukasuguliwa kwa kiganja kilicholoa, ukapakwa chokaa. Jiwe kwa chokaa, udongo kwa udongo. Hakuna aliyekwenda dukani kuuliza, kwa sababu ukuta ulikuwa umekwisha kusema unataka nini.

Saruji ilivunja mazoea hayo. Joseph Aspdin alipata hati yake ya saruji ya Portland huko Uingereza mwaka 1824, na ikachukua muda mrefu kutufikia kama bidhaa ya kila mtu. Kwa miongo ilikuja kwa meli, ikitumika kwenye gati, ofisi za serikali na majumba ya wenye uwezo. Mwaka 1954 kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuzalisha, na malighafi yake ilikuwa matumbawe yale yale ya kale ya pwani. Mwaka 1966 kikaanza cha Wazo Hill, Dar es Salaam. Sasa mfuko wa saruji uliweza kubebwa begani mpaka uchochoroni, ukachanganywa asubuhi na kuwa mgumu kesho yake. Nani angekaa anangoja shimo?

Hapa Unguja mambo mengine mawili yaliongeza kasi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wakaingia wapangaji wengi katika nyumba zilizojengwa kwa ukoo mmoja. Kodi ilikuwa ndogo, matengenezo yalikuwa haba, na familia iliyopewa vyumba viwili haiwezi kulaumiwa kwa kuziba ufa kwa kitu cha karibu na cha rahisi. Jambo la pili ni Michenzani. Majumba yale marefu ya zege, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalituonyesha ukuta mnyofu kutoka pembe hadi pembe. Nayaheshimu, yamehifadhi maelfu ya watu. Lakini macho yetu yalijifunza kitu kipya pale, na tukarudi nacho Mji Mkongwe kukidai kwenye kuta ambazo hazikuumbwa hivyo.

Ubaya wa saruji kwenye ukuta wa matumbawe ni ugumu wake. Klinka ya saruji inachomwa kwa nyuzi 1450 hivi, na inachozaa ni kigumu kuliko chokaa na kigumu kuliko jiwe lenyewe la tumbawe. Tena haipitishi unyevu kwa urahisi. Na ukuta wa matumbawe siku zote una unyevu: maji ya ardhini yanapanda kutoka msingini, mvua ya masika inaingia kutoka darini, na ndani ya jiwe mna chumvi ya bahari. Zamani unyevu ulitokea kwenye lipu ya chokaa ukaondoka na upepo, ukiacha chumvi kidogo ya kufagia. Ukifunikwa kwa saruji unatafuta pa kutokea, unapanda juu zaidi ukutani, na chumvi inaganda nyuma ya lipu. Chembe zake zinakua, zinasukuma. Lipu ya saruji haitoki peke yake, imeshika mno. Inapobanduka inaondoka na uso wa jiwe.

Nyumba moja ya Kiponda niliitwa na bibi mmoja aliyeishi ghorofa ya chini. Nilipomshikamoo aliitikia huku amekwisha shika ukuta.

"Mwanangu, huu ukuta kila Idi naupaka rangi na kila baada ya Idi unatoka mba. Nimewabadilisha mafundi rangi, nimebadilisha na maduka."

"Bibi, rangi haina kosa," nikamwambia. "Niruhusu nigonge."

Nikagonga kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa ukuta ulijibu kwa sauti nzito. Kuanzia usawa wa goti mpaka kifuani sauti ilikuwa tupu, ukuta na lipu havikuwa pamoja. Nilichomeka patasi pembeni mwa ufa na kuukunjua polepole. Kipande cha ukubwa wa sinia kikaja mkononi, saruji ya unene wa vidole viwili, na nyuma yake manyoya meupe ya chumvi. Nyuma ya chumvi hapakuwa na jiwe gumu, palikuwa na unga wa tumbawe uliokuwa ukimiminika sakafuni. Bibi aliinama, akaushika kati ya vidole, akaonja.

"Bahari," akasema.

Tulibomoa saruji yote ya chumba kile. Ukuta uliachwa wazi, dirisha wazi, na chumvi ikafagiwa kwa brashi kavu kila ilipojitokeza, siyo kwa maji, kwa maana maji huirudisha ndani. Mabonde tuliyajaza kwa vijiwe na chokaa. Jamaa mmoja wa bibi alikuja akauliza kwa nini hatupigi rula tukamaliza. Bibi alimjibu kabla yangu kwamba yeye hana haja ya ukuta wa hospitali.

Mambo yalianza kugeuka miaka ya 1980. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaitengeneza Zahanati ya Zamani pale Mizingani, jengo ambalo jiwe lake la msingi aliliweka Tharia Topan mwaka 1887. Ni jengo la nakshi za lipu na roshani za mbao, na kulitengeneza kulihitaji mafundi warudi shuleni kwa chokaa. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Hiyo ni heshima, na masharti yake yanasaidia. Lakini masharti yanaonekana zaidi barabarani kuliko chumbani. Mkaguzi hutazama roshani na mlango. Ukuta wa ndani, alikolala mtoto, unaamuliwa na mwenye nyumba na fundi wake siku moja kabla ya rangi.

Na siku hiyo sasa mfuko ulio karibu ni wa jipsamu. Jipsamu nayo ni ya kwetu, inachimbwa Makanya wilayani Same, na hata Kilwa ipo. Moto wake ni mdogo, nyuzi 150 hivi zinatosha, na ndiyo maana inashika haraka na kusuguliwa kwa msasa bila taabu. Kwa nyumba mpya ya matofali ya saruji, ghorofani, mahali pakavu, sina ugomvi nayo hata kidogo: skimu ya jipsamu juu ya lipu iliyokauka inatoa ukuta mzuri, na puti nyembamba inaumaliza. Kwa ukuta wa matumbawe wa chini ni msiba. Jipsamu inayeyuka majini. Unyevu wa ukuta unailainisha kutoka nyuma, rangi ya plastiki inaizuia kupumua kutoka mbele, na ndani ya masika mbili inavimba na kuteremka. Ikipigwa juu ya saruji yenye unyevu ni mbaya zaidi, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana na maji vinazaa chumvi nyingine inayovimba. Puti ya ndoo iliyotengenezwa kwa gundi ya plastiki ni ngozi tu. Inafunika mikwaruzo ya milimita moja au mbili. Anayeijazia bonde la vidole vitatu anatupa fedha zake baharini.

Kwa hiyo kabla sijataja kitu chochote nauliza ukuta umejengwa kwa nini, nagonga, naweka kiganja chini karibu na sakafu kusikia ubaridi. Nachungulia darini kama bomba linavuja. Kama maji yanaingia, maji yazuiwe kwanza, hata kama kazi ya ukuta itangoja mwaka. Kisha nashika taa na kuilaza ubavuni mwa ukuta usiku, nikamwonyesha mwenye nyumba matumbo yote, tukaamua pamoja lipi linamuudhi na lipi anaweza kuishi nalo. Nyuma ya kabati hapahitaji kitu. Mbele ya dirisha panahitaji kazi ya makini. Sehemu kubwa ya ukuta inabaki na mwendo wake wa mawimbi, na ikipakwa chokaa ya maji badala ya rangi inayong'aa, mwanga unaitulia na mabonde hayapigi kelele.

Shida iliyobaki ni chokaa yenyewe. Matanuu ya magogo hayawezi kurudi, wala nisingetaka yarudi, kwa sababu mikoko tuliyoimaliza kwa boriti na kuni inahitaji kuachwa isimame. Tunatumia chokaa ya kiwandani ya mifuko, inayotokana na mawe ya chokaa ya bara. Siyo ile ya ami, lakini inafaa ikiheshimiwa: ichekechwe, imwagwe kwenye pipa la maji, isimame juu yake maji ya kina cha kiganja, ifunikwe. Mafundi vijana wanaichanganya siku hiyo hiyo na mchanga kama saruji, halafu ikipasuka wanasema chokaa haifai, na mwenye nyumba anarudi kwenye mfuko wa saruji. Hapo ndipo tunapopotea tena.

Watu wetu hupaka nyumba kabla ya Idi, na mila hiyo haina budi kuingia kwenye hesabu. Anayetaka chumba chake cha mawe kiwe tayari kwa Idi el-Fitri, chokaa iingie pipani mwanzoni mwa Rajabu. Mwezi mzima wa Shaabani ni wa kubandua, kujaza mabonde na kupandisha tabaka moja baada ya jingine. Ramadhani ukuta uachwe upumue, ukiloweshwa kidogo kwa brashi asubuhi za mwanzo. Chokaa ya maji ipakwe kumi la mwisho, mikono miwili au mitatu myembamba, na akinifikia mtu mwishoni mwa Shaabani kuniambia anataka kumaliza yote kabla ya mwezi kuandama, namwomba apake chokaa ya maji juu ya ukuta alionao, na kazi ya kusawazisha tuiweke mpaka baada ya Idi.